Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hawezi kushika chuma chenye moto, na kwa saa ile kazi yake husimama. Lakini hasemi, "Tangu leo mimi si mhunzi tena." Hutafuta koleo jingine, au huazima kwa mwenzake, akaendelea kufua, kwa sababu watu wa kijiji wanangoja majembe, hawangoji koleo. Wengi wetu twaijua methali hii tangu utotoni, na twaitamka upesi mbele ya jirani aliyepatwa na hasara. Lakini koleo letu wenyewe livunjikapo, twaisahau.

Nami ni mmoja wa waliosahau. Kwa hiyo nataka kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, msomaji asije akadhani kwamba namhubiria kutoka mimbarani.

BARUA CHINI YA RUNDO

Mimi ni karani wa serikali. Nilipomaliza masomo katika shule ya misheni nilijiwekea mpango: baada ya miaka kumi niwe karani mkuu katika ofisi kubwa mjini, nijenge nyumba ya mawe, na watoto wangu wasome karibu nami. Nilifanya kazi kwa bidii, kwa kuwa niliona cheo kile kiko mbele yangu wazi, kama mtu aonavyo kilele cha mlima asubuhi kabla ya mawingu kupanda. Mwaka ulipotimia, cheo kikapewa mwenzangu. Mimi nikapata barua ya uhamisho kwenda kituo cha mbali, mahali pa vumbi na joto, ambapo ofisi ilikuwa vyumba viwili, na basi lilipita mara mbili tu kwa juma.

Nilikwenda, lakini moyo wangu haukwenda. Kila asubuhi nalifika kazini kwa wakati, maana sheria ni sheria. Lakini nikiisha kufika nalikaa tu. Barua za watu nilizirundika pembeni mwa meza. Nilijiambia, "Ikiwa kazi yangu ya miaka kumi haikuonekana, ya nini kujisumbua?" Miezi minne ikapita hivyo.

Siku moja akaingia mama mmoja mjane, mtu mzima, mwenye vumbi hadi magotini. Alitaka habari za barua aliyoileta juu ya shamba la marehemu mumewe, ambalo shemeji zake walikuwa wakilimega mpakani. Nikamwambia kama nilivyozoea kuwaambia wengine, "Rudi juma lijalo, mama." Akaniangalia, akasema kwa upole, "Mwanangu, hii ni mara ya tatu kuambiwa hivyo. Nimetembea tangu alfajiri. Mvua zikinyesha watalima, nami sitakuwa na neno tena."

Nikaanza kutafuta. Barua yake ilikuwa chini kabisa ya rundo. Nilikuwa nimeipokea kwa mkono wangu mwenyewe, majuma tisa yaliyopita. Kuiandikia na kuipeleka mbele kulinichukua muda usiozidi nusu saa. Lakini wakati huo pande moja la shamba lilikuwa limekwisha kulimwa na wale shemeji, na kulirudisha kulimgharimu mama yule mwaka mzima wa kwenda na kurudi barazani.

Haya iliyonishika siku ile siwezi kuieleza. Nilidhani kwamba mimi ndiye niliyeonewa. Kumbe nimekuwa mwonevu. Cheo nilichokikosa, mjane yule hakukijua, wala hakikumhusu. Yeye alihitaji karani tu. Na karani alikuwapo, ila alikuwa ameketi akilililia koleo lake.

KUSUDI NA NJIA

Tangu siku ile nimelifikiri sana jambo hili, na naona kwamba kosa langu lilikuwa kuchanganya vitu viwili: kusudi la maisha, na njia ya kulifikia. Mkulima ataelewa upesi kuliko karani. Mtu apandaye mahindi, kusudi lake ni nini? Si mahindi. Kusudi lake ni watoto wale washibe, karo ilipwe, na asende kwa jirani na kikapu kitupu. Mahindi ni njia tu. Mvua za masika zikichelewa au zikiwa haba, mkulima mwenye busara hupanda mtama, au kunde, au huongeza muhogo. Yule ashikiliaye kwamba baba yake alipanda mahindi, basi naye ni mahindi tu, hata udongo ukiwa mkavu kama majivu, huyo ameipenda njia kuliko kusudi. Na yule atupaye jembe akaenda kukaa kilabuni, huyo amepoteza vyote viwili.

Kwetu sisi Wakristo jambo hili lina uzito zaidi. Tumeambiwa wazi kusudi letu: kumpenda Mungu, na kumpenda jirani kama nafsi zetu. Lakini hatukuahidiwa mahali popote kwamba tutalitimiza kusudi hilo katika mji tuutakao, kwa cheo tukitakacho, tukiwa na afya na pamoja na wale tuwapendao. Njia zabadilika, mara nyingine zafungwa kabisa. Ndipo hujulikana kama mtu alikuwa akilitumikia kusudi, au alikuwa akiitumikia njia.

Katika siku zile za kituo cha mbali nalisoma habari za watu wawili ambao majina yao twayajua shuleni, lakini mara nyingi hatuambiwi ila habari za milima waliyoiona. Nataka kusimulia yale yaliyowapata chini ya milima.

KABURI LA NG'AMBO YA MOMBASA

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, nchi ya Ujerumani, akiwa mwana wa mkulima. Alipokuwa mtu mzima alitumwa Afrika na chama cha misheni kijulikanacho kama C.M.S. Mpango wake ulikuwa mmoja: kuwapelekea Injili Waoromo kwa kupitia Uhabeshi. Mwaka 1838 alifukuzwa katika jimbo la Tigre. Akazunguka, akaingia Shoa mwaka 1839, akakaa huko hata mwaka 1842. Akaenda Misri kumwoa Bibi Rosine. Na alipotaka kurudi kazini pamoja na mkewe, akakuta mlango umefungwa. Katika safari hiyo, jangwani, walimzika mtoto wao wa kwanza siku ile ile aliyozaliwa.

Ndipo akafikiri kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini. Akafika Unguja mwezi wa Januari 1844, akapewa barua na Seyyid Said, na mwezi wa Mei akahamia Mombasa. Tazama basi: Mombasa haikuwa shabaha ya Krapf. Ilikuwa mlango wa uani, baada ya mlango wa mbele kufungwa.

Mwezi wa Julai, hata miezi mitatu haijatimia, wote wawili wakashikwa na homa. Bibi Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu. Akafa, na mtoto naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama sawasawa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi hilo lipo hata leo. Aliwaandikia wakuu wake huko London kwamba kaburi lile liwe kwao ishara kuwa kazi katika Afrika Mashariki imeanza, wala si kwamba imekwisha.

Maneno hayo ni makubwa, na mtu aweza kuyaandika kwa ujasiri wa siku moja tu. Kwa hiyo yafaa tutazame alifanya nini siku zilizofuata. Mwezi mmoja kabla ya msiba, Juni 1844, alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohedin, aliyekuwa Kadhi wa Mombasa. Baada ya kuzika, alirudi kwenye meza ile. Neno kwa neno, akiuliza, akiandika, akifuta. Akachagua kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ambapo kabla yake kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kikachapwa Ujerumani. Kamusi yake kubwa ilichapwa London mwaka 1882. Yeye mwenyewe hakuiona, maana alikufa Novemba 1881.

Mipango yake mingine mingi ilivunjika. Waoromo, aliowaazimia tangu ujana, hakuwafikia kwa kazi aliyoitamani. Alikuwa na ndoto ya vituo vya misheni vifuatanavyo kama shanga katika uzi, toka Mombasa hata pwani ya magharibi ya Afrika, havikujengwa. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya na theluji yake, na wataalamu wa Ulaya waliokaa vitini mwao wakakataa kusadiki. Mwaka 1851 alisafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mtu mkubwa wa Wakamba. Wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akapotea porini peke yake, akichukua maji katika mitutu ya bunduki kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Mwaka 1853 afya yake ikamlazimu kurudi kwao.

Sisemi kwamba alikuwa mtu asiye na kosa. Aliandika maneno mengi ya kuzidharau desturi za watu waliompokea vizuri, na hayo hatuna haja ya kuyasifu. Lakini katika jambo hili moja yafaa tujifunze kwake. Alipokosa njia aliyoitaka, aliishika kazi iliyokuwa mezani pake. Na mimi na wewe, msomaji, tusomao Kiswahili kwa herufi hizi, twaila hata leo sehemu ya mavuno ya kazi ile.

MZEE WA RABAI

Mwenzake, Johannes Rebmann, alizaliwa Gerlingen mwaka 1820, akafika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Mwaka huo huo wazee wa Rabai waliwakubali wakae kwao, nao wakajenga. Mtu wa kwanza kubatizwa huko alikuwa mlemavu, jina lake Mringe, naye alibatizwa alipokuwa karibu kufa. Kwa hesabu ya wanadamu, hayo yalikuwa mavuno madogo mno.

Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Lakini shabaha yake ilikuwa mbali zaidi: alitaka kupita Uchagani afike Unyamwezi, katikati ya bara. Mwaka 1849 alijaribu. Akafika Machame, na huko Mangi Mamkinga akamchukulia mali yake karibu yote hata safari ikashindikana. Akarudi Rabai mikono mitupu.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mtu huyu hakuweza tena kwenda kwenye nchi za maziwa. Akafanya nini? Rabai palikuwa na mtu mmoja, jina lake Salimini, mwenyeji wa nchi za Ziwa Nyasa, ambaye alikuwa ametekwa na kuletwa pwani utumwani. Rebmann akaketi naye, akajifunza lugha ya kwao, akaiandika neno baada ya neno, mwaka baada ya mwaka. Kamusi hiyo ilichapwa mwaka 1877. Yeye asiyeweza kwenda Nyasa alimkuta Mnyasa mlangoni pake.

Alikaa Rabai karibu miaka 29. Alimzika mwanawe mchanga. Mwaka 1866 mkewe naye akafa. Macho yakaanza kuingia giza, hata akapofuka. Mwaka 1875 akaongozwa kwa mkono kwenda merikebuni, na mwaka uliofuata akafa kwao Ujerumani. Mwaka ule ule wa 1875 watumwa walioachwa huru wakaanza kukaa Frere Town, karibu na Mombasa, na baadaye Rabai nayo ikajaa watu, shule na kanisa. Aliyoyangoja miaka yote ile yalianza alipokuwa akiondoka, naye hakuwa na macho ya kuyaona. Lakini waliokuja walikuta lugha zimeandikwa, na jina jema kwa wazee wa Rabai.

MTUME ALIYEZUIWA

Wala jambo hili si geni katika Maandiko. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 16, twasoma kwamba Mtume Paulo alitaka kuhubiri katika Asia, akazuiwa. Akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa tena. Akajikuta Troa, kando ya bahari, hana njia. Ndipo usiku akaona katika maono mtu wa Makedonia akimwomba avuke akawasaidie. Akavuka, akafika Filipi, na huko akampata Lidia, mwuza rangi ya zambarau, na muda si muda akajikuta gerezani. Lakini kanisa la Filipi lilitokea hapo, na miaka ya baadaye, alipokuwa kifungoni tena, aliliandikia waraka uliojaa furaha kupita nyaraka zake nyingi. Paulo alitaka kuzunguka dunia kwa miguu. Alipofungwa minyororo miguuni, akaandika. Nyaraka zile zimefika mahali ambapo miguu yake isingefika.

YATUPASAYO SISI

Basi, msomaji, iwapo koleo lako limevunjika mwaka huu, nakupa mashauri matatu, si kama mwalimu, bali kama mtu aliyejikwaa mbele yako njiani.

Kwanza, litaje kusudi lako kwa maneno yasiyo na cheo, wala mazao, wala mahali ndani yake. "Nataka kuwa karani mkuu" ni njia. "Nataka watu wapate haki yao kwa wakati" ni kusudi. "Nataka shamba la kahawa" ni njia. "Nataka watoto wangu wasimame wima" ni kusudi. Njia yaweza kuchukuliwa na mkubwa wa kazi, au na ukame, au na ugonjwa. Kusudi hakuna awezaye kulichukua, isipokuwa wewe mwenyewe ukiliacha.

Pili, lia, lakini matanga yako yawe na siku zake. Mkristo hakukatazwa machozi. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Hata wazee wetu walilijua hili: waliweka siku za kuomboleza, na zilipotimia watu walifagia ua, wakaoga, wakarudi shambani. Hawakumsahau marehemu, ila walijua kwamba walio hai wanahitaji kula. Mimi niliomboleza cheo miezi minne, na gharama yake alilipa mjane.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mtu aliyeonewa anyamaze. Kama una haki, idai kwa taratibu, andika barua yako, peleka kesi yako panapostahili. Mjane yule alitembea mara tatu kuidai haki yake, naye alifanya vema. Nisemalo ni kwamba wakati unapoidai haki yako, usiizuie ya mwingine.

Tatu, mtazame mtu aliye mlangoni pako. Hili ndilo nililoliona katika habari hizi zote. Njia mpya haikuja kama barabara kubwa iliyonyoka; ilikuja kama mtu mmoja. Krapf alimpata kadhi wa kumsaidia neno. Rebmann alimpata Salimini. Paulo alimwona mtu wa Makedonia. Mimi nilimpata mama mwenye vumbi magotini, na nusura nimwambie arudi juma lijalo mara ya nne. Huenda wako ni mtoto wa ndugu yako anayetaka kufundishwa kusoma, au jirani aliyeuguliwa na ng'ombe, au kijana mgeni ofisini asiyejua kutunza faili. Ukiwa na macho juu ya kilele kilichofunikwa na mawingu, hutamwona huyo aliye mbele yako.

Cheo kile sijakipata mpaka leo, na nyumba ya mawe haijapita msingi. Nilikaa katika kituo kile cha mbali miaka mitano. Rundo la mezani lilikwisha katika majuma mawili, na baada ya hapo nilijiwekea sheria kwamba barua ya mtu aliyekuja kwa miguu isilale ofisini siku mbili bila kuguswa. Mara nyingine nimeshindwa, lakini si mara nyingi.

Siku nilipohamishwa tena, mvua zilikuwa zimeanza. Basi letu lilipita kando ya shamba la mama yule. Alikuwa ameinama akipalilia kunde, hata ukingoni kabisa, katika lile pande lililokuwa na ugomvi. Hakuinua kichwa wala hakujua kwamba nimo ndani ya basi. Niliona kwamba hilo halina neno, maana kunde zilikuwa zimestawi vizuri.